Mholanzi Aliyebaki Nyuma ya Fremu

Niliacha kazi mwaka jana nikiwa na vidole vyangu vyote, na kwa mtu aliyekata vioo na mbao maisha yake yote hilo si jambo dogo. Hakuna aliyeniandalia sherehe. Fundi wa fremu hana ofisi ya kumpa saa ya ukutani na hotuba. Macho yangu yalianza kuona mstari mmoja kama miwili, nikaharibu kioo cha mteja, kisha nikaharibu kingine, nikajua macho yamestaafu na mimi nikayafuata. Karakana ya Majengo nimewaachia ninyi wanafunzi wangu. Mmeniomba mara kadhaa niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani, nami nimekuwa nikiwapiga chenga, kwa sababu najua nikianza nitaishia kwa mtu mmoja, na habari zake hazinifurahishi. Lakini kuna fremu moja hapa Nyeri ambayo siku moja italetwa mezani kwenu, na msipojua kilichomo mtaharibu kitu ambacho hakuna fundi wa kukitengeneza. Kwa hiyo naandika.

Niliingia kwa Mzee Salim nikiwa kijana wa kutoka mashambani, nikinuka moshi na maziwa. Karakana ilikuwa pale pale ilipo leo, karibu na msikiti, na mlango ulikuwa ule ule usiofunga vizuri. Nilidhani nitapewa msumeno. Mzee Salim alinipa fremu kuukuu na koleo, akaniambia niifungue kwa nyuma bila kuvunja kitu.

"Mbele ya fremu kila mtu anapaona, Ndirangu," aliniambia. "Wewe soma nyuma kwanza."

Siku hiyo nzima nilisoma nyuma. Nilijifunza kung'oa misumari midogo bila kuipinda, kuinua hadibodi, ule ubao mwembamba wa mgongoni, taratibu kutoka upande wa chini, na kutoshika kioo kwa ncha za vidole. Nilipofika ndani nikakuta picha mbili. Mbele kulikuwa na picha ya rais aliyekuwa madarakani wakati huo, na nyuma yake, akiwa amekunjika kidogo pembeni, rais aliyemtangulia. Nilicheka. Mzee Salim hakucheka. Aliniambia kwamba katika karakana yake kinachotolewa kwenye fremu hurudishwa nyuma ya kile kipya. Kwanza, kadi ya kujazia nyuma ni ghali, na picha ya zamani huishikilia ile mpya isilegee. Pili, yeye hakuwa tayari kutupa uso wa mtu kwenye pipa la takataka, awe ni rais au ni mama mboga. Ndiyo maana ofisi nyingi za mji huu zina viongozi waliopangana ukutani kama sahani kabatini, na anayeonekana ni mmoja tu. Niliifuata kanuni hiyo mpaka mwisho wa kazi yangu, na ninyi nimewaona mkiifuata, ingawa mnanung'unika.

Mzee Salim alipozeeka aliniachia meza, msumeno na kalamu yake ya kukatia kioo. Wakati huo tayari Mholanzi alikuwa mteja wetu.

Jina lake lilikuwa Piet. Majengo hawakuliweza, wakamwita Biti, naye akaitika. Alikuwa mtu mnene mwenye pua kubwa na koti lenye madoa ya rangi, na alikuwa amepanga nyumba ya mawe kwenye barabara ya kuelekea milimani, yeye na mke wake. Mke hakukaa sana. Alishikwa na ugonjwa wa mapafu akafa mwaka wa pili. Watu walitegemea mzee atarudi kwao. Hakurudi. Alisema mwanga wa hapa asubuhi, ukungu unapoanza kuachia, ndio aliokuwa akiutafuta tangu alipokuwa mwanafunzi wa uchoraji.

Nataka niwaambie alivyofanya kazi, kwa sababu sijaona mwingine. Alinunua kitambaa cha marikani hapa mjini, mimi nikamtengenezea viunzi vya mbao ya saipresi, naye akakivuta kitambaa juu ya kiunzi mpaka kikalia kama ngoma. Kisha alichemsha gundi ya ngozi, nyumba nzima ikanuka kama machinjioni, akaipaka, akaiacha ikauka, akapaka tena na unga wa chaki. Rangi alisaga mwenyewe kwa mafuta ya linsidi, yale yale tunayopaka milango. Alianza na giza. Alipaka kitambaa chote rangi ya udongo, halafu akatafuta uso humo ndani kidogo kidogo, kama mtu anayewasha kibatari. Nyusi, kisha ncha ya pua, kisha unyevu wa jicho. Nusu ya uso aliiacha gizani. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Fundi, wewe kuona watu wote pande mbili?" Nikafikiri, nikaona kweli siwaoni.

Alijua kazi, na hilo nalisema bila kusita. Kwao aliwahi kuheshimiwa, na miaka ya mwanzo wazungu wenzake walikuja na magari kutoka Nairobi kununua. Alipolipwa alikuwa tajiri kwa wiki moja. Shida yake ni kwamba hakuweza kupita kitu kizee bila kukinunua: makoti ya askari wa zamani, kofia za chuma, vibuyu, ngao, taji la bati la mchezo wa shule, ngozi ya tumbili. Alisema anavihitaji kwa ajili ya kuchora, na kweli alivichora, lakini mtu hawezi kula kofia ya chuma. Nilimkuta siku moja akiivaa na kujitazama kwenye kioo kikubwa nilichomkatia, akijichora, na jikoni Wanjiru alikuwa akikwangua kopo la unga.

Wanjiru alikuja kwake kama mfanyakazi wa nyumba baada ya mke kufa. Alikuwa mtu wa maneno machache, mtoto wa mkulima, mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Baada ya muda hakuwa mfanyakazi tena, na kila mtu alijua. Wazee wa kanisa lake walimwita, wakamkalisha mbele yao, wakamwuliza anaishi na yule mzee kama nani. Aliwajibu ukweli. Walimtenga na meza ya Bwana. Mzee angemwoa, lakini pesa kidogo zilizokuwa zikitoka kwa ndugu za marehemu mke wake zingekatika siku angeoa, na pesa hizo ndizo zilizokuwa zikilipa kodi ya nyumba. Kwa hiyo Wanjiru alienda kanisani kila Jumapili, akaketi benchi la nyuma, na watu walipokwenda mbele kupokea yeye alibaki. Nilimwonea uchungu, na bado namwonea.

Wanunuzi wa Nairobi walianza kupungua. Walitaka twiga na jua likichwa, naye alikuwa akiwachorea bibi kizee wa sokoni akiwa nusu gizani. Pesa za ndugu nazo zilikoma, ameoa hajaoa. Mwenye nyumba akaanza kuja mwenyewe badala ya kutuma mtu.

Hapo ndipo mimi nilipomletea kazi ya Kiriaini, nikidhani namwokoa.

Mnajua jinsi mazishi yetu yalivyo. Jeneza haliendi bila picha. Picha kubwa yenye fremu hutangulia, husimama mbele ya kanisa, hupigwa picha pamoja na wajukuu, kisha huenda kuning'inia sebuleni juu ya viti vyenye vitambaa vya kufuma. Karakana yetu imekula mkate wa mazishi zaidi ya wa harusi. Mkulima mmoja mkubwa wa kahawa alifariki huko Kiriaini, na mwanawe wa kwanza, Muchiri, mtu wa Nairobi mwenye gari refu, akaja kwangu akitaka kitu cha kuwashinda majirani. Hakutaka picha ya studio kama ya kila mtu. Nikamwambia niko na mchoraji, Mholanzi, bingwa kabisa. Macho yake yaling'aa. Bei aliyoitaja ingelipa kodi yote iliyodaiwa na kubaki, na mwenye nyumba alipoelezwa alikubali kungoja mpaka mazishi yapite.

Piet alipewa picha ya kitambulisho. Akaigeuza geuza, akasema huyu si mtu, huyu ni muhuri. Akaomba apelekwe mochari. Muchiri alishangaa lakini akampeleka. Mzee alisimama pale na daftari lake la kuchorea kwa muda mrefu kuliko jamaa yeyote wa marehemu. Kisha akamwendea mjane, akaomba aonyeshwe alipokuwa akiketi marehemu jioni, na makasi yake ya kupogolea kahawa. Alichora mchana na usiku. Mimi nikatengeneza fremu ya mwerezi, pana, niliyoipiga msasa mpaka ikawa laini kama shavu. Katika kazi zangu zote sijatengeneza nzuri kuliko ile.

Tulifika Kiriaini asubuhi ya mazishi, hema zimeshapigwa na kwaya inajaribu spika. Nilifunua picha mezani. Mzee wa kahawa alikuwa ameketi, jicho lake moja lenye ukungu limetazama chini, jicho zima linakutazama wewe. Nusu ya uso ilikuwa giza. Mwanga ulianguka kwenye mikono, na mikono ilikuwa na kila mkwaruzo wa miaka ya kupogoa. Ilikuwa kama marehemu ametoka ndani ya nyumba kuja kuuliza kelele ni za nini.

Muchiri aliinama akaitazama. Halafu akasema, "Fundi, hii ni nini? Baba amekaa hapa kama stima imekatwa."

Dada yake akasogea. "Suti iko wapi? Si tulisema avae suti? Na hiyo jicho, kwani ilikuwa lazima aonyeshe hiyo jicho? Wageni wanatoka mpaka ng'ambo."

Piet alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika kofia. Mjane aliletwa aone. Aliitazama picha mpaka watoto wake wakaanza kukohoa. "Hivyo ndivyo alikuwa anakaa jioni," alisema. "Ni yeye kabisa." Nikashusha pumzi. Kisha akaongeza, kwa upole, "Lakini watu hawakuja kuona yeye hivyo. Muwekee ile ingine."

Ile nyingine ilikuwa picha ya studio, iliyokuzwa kutoka harusi ya Muchiri mwenyewe. Baba amevaa tai, anatabasamu kwa macho mawili yaliyosafishwa na kompyuta. Muchiri aliniambia niitie ndani ya fremu yangu haraka, mchungaji anakaribia. Nikaitia. Nilikitoa kitambaa kwenye kiunzi chake, na kwa kuwa mikono yangu haikujua njia nyingine, nikakilaza nyuma ya ile picha ya tai, nikapiga misumari. Muchiri alinilipa fremu. Picha hakulipa, kwa sababu, alivyosema, hawezi kulipia kitu ambacho hakitumiki.

Njiani kurudi Nyeri, tulipokaribia mjini, mzee aliniuliza:

"Fremu, wao kupenda?"

"Waliipenda, Mzee."

"Vizuri," akasema. "Mmoja wetu anajua kazi."

Mwenye nyumba hakungoja tena. Dalali alikuja na karatasi za korti na vijana wa kubeba, wakatoa vitu vyote nje kwenye nyasi: vitanda, sufuria, makoti ya askari, ngao, kofia za chuma, kile kioo kikubwa. Picha, katika fremu nilizomtengenezea, ziliegemezwa kwenye ua moja baada ya nyingine, na nyingi zilikuwa uso wa Piet mwenyewe. Wateja walipoadimika hakuwa na pesa ya kumlipa mtu aketi achorwe, kwa hiyo alijichora yeye. Piet mwenye kofia, Piet mwenye kitambaa kichwani, Piet anacheka, Piet amechoka. Ua mzima ulikuwa ukitutazama. Yeye alikaa kwenye debe lililopinduliwa, na Wanjiru akasimama nyuma yake ameweka mkono begani mwake, mbele ya watu wote, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Watu walinunua. Msidhani walinunua picha. Nilisikia kwa masikio yangu mama mmoja akimwambia mwenzake, "Chukua hiyo, mbao yake ni ya ukweli. Hiyo mzee ndani utatoa." Kofia za chuma zilikwenda kwa mtu wa kuku, anyweshee maji. Mimi nilinunua kiunzi kimoja tu na brashi zake, nikamrudishia brashi. Sikuwa na uwezo wa zaidi.

Basi miezi iliyofuata fremu zangu zikaanza kurudi karakana. Toa hii, weka harusi yangu. Toa hii, weka kwaya. Toa hii giza, weka mtoto siku ya ubatizo. Kila mmoja nilimwambia kwamba ya zamani itabaki nyuma kushikilia mpya, na kila mmoja alisema sawa, bora isionekane. Piet na Wanjiru walikuwa sasa wamepanga chumba kimoja hapa Majengo, si mbali na karakana, naye alikuwa akija kuketi kwangu mchana kwa sababu chumba kilikuwa na baridi. Siku moja alinikuta na uso wake mezani. Nilikuwa nakaribia kuulaza nyuma ya picha ya kwaya. Niliona aibu, nikataka kuufunika.

Alivuta kiti. "Rangi ya mafuta itashika kwa karatasi," alisema. "Weka karatasi ya nta katikati." Akanionyesha jinsi ya kuikata ipite ukingo kidogo. Nilipotaka kuulaza ukitazama ukutani, alinishika mkono.

"Yeye aangalie mbele," akasema.

"Mbele kuna kwaya, Mzee. Ataona migongo yao tu."

"Si kitu. Aangalie mbele."

Tangu siku hiyo wote niliwalaza wakitazama mbele, na karatasi ya nta katikati. Yeye mwenyewe alinisaidia kwa baadhi. Alishika nyundo ndogo, akajipigia misumari, akanywa chai.

Aliishi miaka kadhaa katika kile chumba. Alichora kwa rangi za nyumba juu ya vipande vya hadibodi nilivyombakizia: viazi, sufuria, mlango wa jirani. Vipande hivyo Wanjiru alivipigilia darini kuzuia upepo. Uso wake hakuuchora tena. Kioo kilikuwa kimeuzwa, na nilipojitolea kumkatia kingine alisema uso ule ameshaumaliza. Macho yalimwisha, kisha miguu ikavimba, na asubuhi moja ya baridi Wanjiru alikuja karakana bila kitambaa kichwani, nikajua.

Ndugu wa Uholanzi walipigiwa simu. Wakasema azikwe huko huko. Majirani tulichanga, Waislamu na Wakristo, tukapata jeneza na mahali kwenye makaburi ya mji. Ikabaki picha. Nilipeleka kitambulisho chake studio, wakaikuza picha yake, nikaitia fremu bila malipo. Wanjiru alipoiona aliiweka chini ikitazama sakafu.

"Baba Nyambura, mimi sitamzika na hii," aliniambia, akiniita kwa jina la binti yangu. "Huyu mtu alijichora maisha yake yote. Hata unga ikiisha alikuwa anajichora. Sasa tumzike na picha ya serikali, amekodoa macho kama mwizi ameshikwa? Mimi niko na haki gani kwake? Kanisa ilisema mimi si mke, na serikali inasema hivyo. Lakini uso wake naijua. Nitafutie uso yake."

Sikuwa na kumbukumbu ya maandishi ya nani alinunua ipi. Nilikuwa na kumbukumbu ya mbao. Nilikumbuka fremu ya mkamforo iliyokwenda Sagana kwa mwenye hoteli, nikaenda Sagana. Mwenye hoteli alikuwa mtu mwema, akaishusha picha yake ya harusi, nikaifungua kwa nyuma mbele ya wateja waliokuwa wakila. Nikainua karatasi ya nta. Hakuwa Piet. Alikuwa Wanjiru, kijana, ameketi na beseni la viazi mapajani, kisu kimesimama, amegeuza uso kana kwamba kuna mtu amemwita kutoka chumba kingine. Mwanga wote ulikuwa juu yake. Nilikaa nayo hapo mpaka chai yangu ikapoa, halafu nikamfunga tena. Niliporudi nilimwambia Wanjiru. Akasema, "Mimi wacha nikae huko. Nitafutie yeye."

Siku moja kabla ya mazishi nikakumbuka bucha. Mnaijua, ile ya pale barabarani kabla ya kushuka sokoni, yenye picha kubwa ya msichana amevaa joho la kuhitimu, juu ya mizani. Mwenye bucha, Gathogo, alinunua ile fremu mnadani akaiweka stoo miaka, mpaka binti yake alipomaliza chuo. Nilimweleza. Alifuta mikono kwenye koti jeupe, akaniruhusu nifungue. Niliweka fremu kwenye meza yake ya nyama, juu ya magazeti, na nilipoinua karatasi, Piet alikuwa hapo. Hakuwa na kofia wala taji. Alikuwa mzee, pua imevimba, mifuko chini ya macho, amejitazama bila kujihurumia na bila kujichukia. Gathogo mwenyewe alirudi nyuma hatua moja.

"Huyo mzungu amekuwa hapa siku hizo zote?" aliuliza.

Alikubali kutuazima, kwa siku ya mazishi tu, jioni irudi.

Kwa hiyo Piet alizikwa akiwa na uso wake. Nilimtilia fremu ile ile ya bucha, bila kioo, na Wanjiru aliibeba mwenyewe mbele ya jeneza. Hatukuwa wengi. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kwa hiari yake, bila kutumwa, akaomba kwa kifupi. Mama mmoja karibu nami alinong'ona kwamba si vizuri kumwonyesha marehemu akiwa amechoka namna ile. Wanjiru alimsikia. "Ndiye huyo," akasema, akaishikilia picha mpaka udongo ukaisha.

Jioni tulikwenda bucha wote wawili. Nilikuwa nimebeba hadibodi mpya, safi, na nilimwambia Gathogo nitaiweka hiyo nyuma ya binti yake, itashikilia vizuri kuliko kitambaa, na tumwachie mama picha hii. Sikuwa na shaka angekubali. Lakini siku nzima watu walikuwa wamepita bucha wakizungumza, na kijana mmoja alikuwa amemwonyesha kwenye simu picha za Waholanzi wa kale zinazouzwa kwa mamilioni.

"Mzee Ndirangu, tusikosane," alisema. "Mimi hiyo kitu nilinunua. Kama haikuwa na maana, hamngekuja kuitafuta. Mama, pole sana kwa msiba. Lakini mtu akitaka, aje na bei."

"Ni bei gani?" Wanjiru aliuliza.

Gathogo aliitaja. Sitaiandika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu enzi za magari ya Nairobi mtu kumthamini Piet, na ilikuwa bei ambayo mimi na Wanjiru na Majengo yote tusingeifikia. Niligombana naye, nasema wazi. Nilimwita majina ambayo baadaye niliyaombea msamaha kwa ajili ya amani tu. Hakubadilika. Mwishowe Wanjiru alinigusa mkono, akaniambia, "Baba Nyambura, mrudishe tu. Hapa hakuna mvua inaingia."

Nikamrudisha. Meza ilikuwa imeoshwa, bado ina maji. Nilikata karatasi ya nta mpya ipite ukingo kidogo, nikasafisha kioo, nikamweka msichana mwenye joho mbele. Wanjiru alikuwa akinitazama mikono. "Anaangalia upande gani?" aliuliza. Nikamwambia anaangalia mbele. Akaitikia kwa kichwa. Nilipiga misumari, tukaining'iniza juu ya mizani.

Gathogo hajampata mnunuzi. Walikuja wawili kutoka Nairobi, wakauliza jina la mchoraji, hawakulijua, wakaondoka. Sasa amesahau, na picha iko pale ilipokuwa, na binti ana watoto. Siku moja kioo kitapasuka, au watoto hao watataka picha mpya, na fremu italetwa kwenu. Mtaijua kwa mbao: ni mzeituni wa mlimani, mzito, na kwenye kila pembe nimepitisha kipande chembamba cha mti mwekundu. Ifungueni kwa nyuma, kuanzia chini. Msivute karatasi, iinueni. Wakisema itupwe, waambieni mtawatupia ninyi.

Na msianze kabla hamjamwita Wanjiru. Si vigumu kumpata. Kila Jumamosi huingia bucha, hununua robo ya matumbo, na hana haraka ya kuondoka. Huketi kwenye benchi la wateja, mfuko mapajani, ametazama juu ya mizani. Gathogo huwaambia watu kwamba yule mama anampenda sana binti yake.